Aliyeitikia Mlio wa Mizani

Gunia la Molly lilikuwa likidondosha maji, na pale Kiptere mvua ilikuwa haijaonekana tangu Krismasi.

Nyabuto, karani wa mizani, alilitundika kwenye ndoana, akaliangalia, akalishusha tena. Ilikuwa jioni ya jua kali. Majani ya watu wengine yalikuwa makavu, ukiyashika yanalia kama karatasi. Gunia la Molly lilivuja kwenye pembe, tone baada ya tone, maji yakatambaa juu ya saruji mpaka kwenye viatu vya karani.

"Wewe msichana, sasa chai tunaanza kuiosha huku huku shambani?"

Foleni ikacheka.

"Ni umande, karani," Molly akasema.

"Umande wa saa kumi jioni! Huo nao umechelewa kuamka kama wewe."

Watu wakazidi kucheka. Mama Molly naye alicheka, maana mtoto akitaniwa na mzazi akinuna, utani hugeuka ugomvi. Lakini pua yake ilikuwa imekwisha kunasa kitu. Alisogea akajifanya analifunga gunia vizuri. Harufu iliyotoka mle haikuwa ya chai. Ilikuwa ya omena waliosahauliwa juani, na matope, na yale magugu yanayooza ukingoni mwa ziwa. Na kutoka Kiptere hadi ziwani si karibu.

Nyabuto alilikamua gunia, akapima, akarudia kupima.

"Leo umechuma kweli," akasema, utani umemwisha. "Molly, nenda nyumbani."

Ndivyo alivyomalizana na kila mtu katika shamba lile: anaita jina, anapima, anasema nenda nyumbani. Ilikuwa desturi ya makarani wa zamani, na wachumaji waliishika hivyo hivyo. Hakuna aliyebeba kikapu kuondoka kabla ya kusikia maneno hayo.

Kosa la Mama Molly lilianzia hapo, na yeye mwenyewe hulitaja kwanza kila anaposimama kanisani kutoa ushuhuda. Harufu ile aliijua. Alijua alikoisikia na siku aliyoisikia. Lakini Molly, mtoto wake wa pekee aliyeachiwa na marehemu mumewe, alikuwa mzito wa mikono, na mnyapara alikuwa ameshasema mwisho wa mwezi atampunguza kazini. Sasa kwa mara ya kwanza gunia la mtoto lilikuwa limejaa. Mama akamshukuru Mungu kwa mdomo, moyo ukiwa unasema kitu kingine, akanyamaza.

*

Jumamosi iliyotangulia, akina mama wa kanisa pale kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa chai, walikuwa wamekwenda matembezi. Ilikuwa safari ya siku moja tu: asubuhi kuuona mji wa Kisumu, kisha kijiji cha wavuvi, halafu kurudi kabla ng'ombe hawajakamuliwa. Waliazima basi la shule, wakashuka kupitia Sondu wakiimba, mabega yamefunikwa shuka kwa baridi ya alfajiri, na walipofika chini shuka zote zikawa za kukalia kwa joto.

Aliyewatembeza aliitwa Phelix, kijana mwembamba mwenye kofia ya ukindu na maneno mengi. Aliwapitisha gatini penye winchi zilizoshikwa na kutu, akawaonyesha reli zinazoishia majini kama mtu aliyekatizwa hadithi, akawapeleka mitaa ya zamani yenye maduka ya vibaraza virefu. Akina mama waligusa kuta, wakapiga picha, wakauliza bei ya kila kitu. Mongina, mwinjilisti wa kambi, Mkisii mwenye mwili na sauti ya kushinda redio, alitaka kujua kama winchi ile inaweza kumwinua.

"Mama, hiyo iliinua mabehewa," Phelix akamjibu.

"Sasa mimi nimekuuliza juu ya mabehewa?"

Walikufa kwa kicheko. Kisha Phelix akamgeukia Mama Molly, akamsemesha Kijaluo, maneno marefu kidogo. Mama Molly akatafuta jibu, akalikosa. Alizaliwa kambini, akalelewa kambini. Kuletwa ziwani aliletwa mara moja tu, akiwa mchanga, babu yake ampe jina.

"Ah!" Phelix akasema, akiwaangalia wengine ili wafaidi. "Kumbe huyu ni Mjaluo wa majani chai!"

Ulikuwa utani, na yeye alicheka. Lakini ulimwingia kama mwiba chini ya ukucha. Njia nzima ya kwenda kijijini alikuwa akiuchokonoa.

Kijiji chenyewe kilikuwa nyumba za mabati na nyavu zilizotandazwa mchangani, omena wameanikwa juu yake wanametameta. Mashua zilikuwa zimevutwa juu. Wanawake wa pale waliwapa viti, na Molly, ambaye hakuwahi kuliona ziwa, alivua viatu akaingiza miguu majini, akawa anacheka peke yake.

Kwenye saa sita upepo ulikuja. Kwanza ziwa lilinyamaza. Halafu kutoka mbali, juu ya maji yasiyo na wimbi, ukasikika kama umati wa watu wanaoongea wote kwa pamoja bila hata mmoja kumsikiliza mwenzake.

Wanawake waliokuwa wakigeuza omena waliinuka kwa pamoja. Huyu alishika sufuria, yule karai, mwingine akaanza kuugonga ukuta wa mabati kwa mwiko.

"Nyawawa!" Phelix aliita, na uso wake haukuwa tena wa utani. "Akina mama, pigeni! Shikeni chochote, pigeni!"

"Nyawawa ni nini?" Mongina akapiga kelele.

"Waliozama! Wale ambao hawakuonekana wakazikwa. Huwa wanapita na upepo usiku, sijui leo wametokaje mchana. Ukiwapigia kelele wanapita. Pigeni ovyo! Ovyo ovyo, msipange!"

Karibu na Mama Molly palikuwa na ringi ya lori iliyotundikwa kwenye nguzo, ambayo wavuvi waliigonga wakati wa kuuza samaki. Akaokota chuma. Hapo ndipo moyo ulipomwambia: waonyeshe. Kwani kule shambani ni nani aliyekabidhiwa kipande cha reli cha kuwaitia wachumaji? Ni yeye, na mama yake kabla yake. Hakuna mtu Kiptere anayegonga chuma kikasikika mbali kama yeye.

Akagonga. Na mkono, ambao kwa maisha yake yote ulijua kugonga namna moja tu, ukagonga namna hiyo. Ngo-ngo-ngo, kimya, ngooo. Ngo-ngo-ngo, kimya, ngooo. Mlio wa mizani. Mlio unaosema leteni majani, njooni mpimwe.

Wenzake waliusikia, wakacheka katikati ya hofu yao, na bila kufikiri wakaufuata kwa makofi na masufuria, kwani masikio yao nayo yalikuwa ya kambini. Mlio ukapanda juu ya makelele mengine yote, safi, umepangika, ukaenda juu ya maji.

Upepo ulikuwa umekwisha kufika juu ya mabati, unapita. Ukasimama.

Mwanamke mzee aliyekuwa na karai mkononi aliliacha likaanguka. Alimshika Mama Molly kifundo cha mkono kwa vidole vilivyojaa magamba ya samaki.

"Unamwita nani?" akauliza kwa Kiswahili, polepole. "Wewe mtoto, unamwita nani?"

Juu ya vichwa vyao sauti zile nyingi zilikuwa zimenyamaza, kama watu wanavyonyamaza kanisani wakisikia jina limetajwa. Kisha upepo ukaendelea na safari yake kuelekea milimani, na joto likarudi, na Phelix akacheka kicheko kibovu, akasema chakula kiko tayari.

Wakati wa kurudi, sakafu ya basi ilikuwa imelowa pale alipoketi Molly. Wakasema ni miguu yake iliyokuwa majini.

*

Baada ya siku ile ya gunia, Molly hakuwa wa mwisho tena. Kila mizani gunia lake lilijaa, na kila mara lilivuja. Nyabuto aliacha kutania. Akaanza kulishika kwa ncha za vidole, na akishamaliza ananawa.

Asubuhi moja ukungu ulikuwa mzito juu ya mashina, ule wa Kericho unaokuficha hata mikono yako mwenyewe. Mama Molly alikuwa akichuma safu ya pili kutoka kwa mwanawe. Humwoni mtu katika ukungu kama huo, unamsikia: vidole vinavyovunja chipukizi, tk, tk, tk, majani yanaporushwa kikapuni nyuma ya bega. Alimsikia Molly, mzito kama kawaida, tk, kimya, tk. Na katika safu hiyo hiyo, hatua chache mbele, alisikia mikono mingine, myepesi, haipumziki, na kila majani yalipotupwa kikapuni yalitua kwa kishindo chororo, kama kitambaa kibichi.

"Molly," akaita kwa sauti ya chini. "Uko na nani hapo?"

"Niko peke yangu, mum."

Jibu lilitoka mahali pawili.

Mama Molly alisimama na majani mkononi. Alitaka kukimbilia kule, na alitaka kukimbilia barabarani, na miguu ikakataa kote. Akasema Bwana ni nuru yangu, Bwana ni nuru yangu, mpaka jua likapasua ukungu. Molly alikuwa kweli peke yake, macho yamemlegea, kikapu kimejaa hadi juu. Mbele yake chai ilikuwa imechumwa vizuri, juu ya mashina pamelala sawa kama meza. Chini, kwenye vumbi la kiangazi, palikuwa na nyayo za miguu mitupu, kila moja imejaa maji.

Na bado alinyamaza. Alifukia zile nyayo kwa buti lake, mnyapara asizione.

Nyumbani Molly alianza kuwa na kiu. Alikunywa maji ya mtungi, akanywa ya ndoo ya vyombo, kisha mama akamkuta nje mdomo umewekwa kwenye bomba la kambi na maji yakimwagika kifuani. Nywele zake hazikukauka. Ngozi ya vidole ilikuwa imejikunja kama ya mtu aliyefua nguo kutwa. Chumba chao kilinuka magugu. Na jua likianza kuzama, aliketi mlangoni akaimba kwa sauti ndogo wimbo wa kupiga makasia, kwa Kijaluo kizito, yeye ambaye hata salamu za lugha hiyo zilimshinda.

"Molly, hizo nyimbo amekufundisha nani?"

Molly aliacha kuimba. Hakugeuka.

"Mum," akasema, "anauliza, kwani nyumbani ni hapa?"

"Nani?"

"Karani anamwambia aende nyumbani. Kila siku. Molly, nenda nyumbani. Sasa anakuja hapa, lakini anasema si pazuri, ni pakavu." Akainamisha sikio, kama mtu anayesubiri mwenzake amalize kunong'ona. "Anasema tuhame."

Mama Molly alimshika mwanawe mkono akampeleka moja kwa moja kwa Mongina, na huko, mbele ya jiko la makaa, akatapika yote: mlio, harufu, nyayo alizofukia. Mongina alimsikiliza bila kumkatiza, jambo ambalo hakuwa amewahi kumfanyia mtu.

"Ulijua, dada yangu?"

"Nilijua."

"Na ukanyamaza kwa sababu ya gunia?"

"Kwa sababu ya gunia. Mungu anisamehe."

"Atakusamehe. Lakini kwanza tumtoe huyu."

Wakawaita akina mama wa maombi. Giza lilikuwa bado halijaingia vizuri. Walifunga mduara mbele ya nyumba, Molly katikati kwenye kiti, wakaomba, kisha wakafanya walivyoona kule ziwani: wakapiga masufuria na karai na mabati, ovyo ovyo bila mpango, safari hii wakihakikisha hakuna anayepanga.

Molly alipiga yowe. Alijiziba masikio, akainuka, akawavunja mduara kama nyasi, akakimbia. Na hakukimbia kama mgonjwa. Alikimbia kuteremka kati ya mashina ya chai kuelekea bwawa la shamba, na nyuma yake udongo ulilowa. Mongina, kwa mwili wake ule, ndiye aliyemfikia, maji yakiwa yamemfika msichana kifuani, akamvuta kwa nywele mpaka ukingoni na kumlalia asiondoke.

"Wacheni masufuria!" alilia, akihema. "Wacheni! Hamwoni tunamfukuza mtoto? Wameshaunganishwa hawa!"

*

Phelix alipokea simu palepale. Mama Molly alimweleza yote.

"Mama," Phelix akasema, na sasa hakukuwa na utani wa Mjaluo wa majani chai. "Mimi nilikuchezea, na nikakuharakisha kugonga. Unisamehe. Huku kwetu nyawawa tunajua kumfukuza, basi. Hatujawahi kumwita. Tangu azame kila mlango anapigiwa mabati, halafu wewe ndiye mtu wa kwanza kumwambia njoo. Atakuachaje?"

"Nifanye nini, mwanangu?"

"Sijui. Kweli sijui. Huko mmempa kazi. Mtu akishakuwa kazini, kwenu anatoka vipi?"

Karani anamwita jina, Mama Molly akafikiri, anampima, anamwambia aende nyumbani. Na kile kitu hakikuwa na jina. Kilikuwa kimechuma kwa jina la Molly, kama vibarua wasioandikwa wanavyochuma kwa majina ya jamaa zao, kikapimwa kwa jina la Molly, kikaambiwa Molly nenda nyumbani, na nyumbani kwa Molly kilikuwa kimekuja.

"Ni jina," akasema. "Nitampa jina lingine."

"Usimpe la kubuni," Phelix akasema upesi. "Bibi yangu alisema jina lisilo na mtu halimshiki. Ni lazima liwe na mwenyewe, na liwe linaijua njia ya huku."

Kesho yake jioni ukungu ulishuka mapema kuliko kawaida. Molly alikuwa kwa Mongina, amefungwa shuka mbili, Mongina amemkumbatia kwenye kitanda akisoma Zaburi kwa sauti yake yote. Nyabuto alikuwa ameombwa, na amekubali, ingawa uso wake ulikuwa wa majivu.

Mama Molly akagonga reli. Ngo-ngo-ngo, kimya, ngooo.

Watu wakaja. Walijua; kambini hakuna siri. Walipimwa haraka haraka, nenda nyumbani, nenda nyumbani, hakuna aliyetania, hakuna aliyebisha uzito, na kila aliyeruhusiwa aliondoka bila kutazama nyuma, mpaka foleni ikaisha na kwenye kibanda cha mizani wakabaki karani na mama na ndoana ikiyumba.

"Basi wameisha," Nyabuto akanong'ona. "Mama Molly, wameisha, twende."

"Mmoja bado."

Harufu ilitangulia. Halafu nyayo, chap, chap, chap, za mtu anayetembea bila haraka kwenye tope ambalo halikuwepo, zikipanda kutoka upande wa bwawa, na ukungu mlangoni ukawa mzito mahali pamoja tu, kwa kimo cha mwanamke, na mgongoni mwake kivuli cha kikapu, na Nyabuto alipoona kikapu kile kinashuka chenyewe na ndoana inainama na mshale wa mizani unapanda polepole, polepole, maji yakianza kumwagika juu ya saruji kama bomba lililofunguliwa, alitoa sauti ya mtoto mdogo, akapita dirishani, na Mama Molly akabaki peke yake akijua kwamba sasa karani ni yeye.

"Jina?" akauliza.

"Molly," kile kitu kikajibu, kwa sauti ya mwanawe.

"Molly amepimwa. Wewe jina lako?"

"Molly."

"Jina lako la nyumbani. Ulipokuwa hai, mama yako alikuitaje?"

Kutoka ndani ya ukungu ule Mama Molly alisikia jambo ambalo hakulitarajia, ambalo mpaka leo likimjia anaacha anachofanya: kile kitu kilikuwa kikitafuta, kikijaribu herufi moja moja mdomoni, kama mtu anayepapasa gizani chumba alichohamishwa zamani, na hakikupata, na kikaanza kulia bila machozi kwa kuwa tayari chote kilikuwa maji.

"Nimesahau," kikasema. "Niite Molly. Molly anaitwa. Nimwite tu Molly twende."

Kule kambini sauti ya Mongina ilikuwa ikisoma Zaburi, na ghafla ikakatika, na yowe la Mongina likasikika, "Anaamka! Mama Molly, anaamka, nimeshindwa kumshika!" na miguu ya Molly ikaanza kusikika inakuja mbio juu ya kokoto, na mama akaona kwamba hana tena dakika ya kufikiri wala ya kuomba, kwamba katika dunia nzima kulikuwa na jina moja tu lililokuwa mali yake kumpa mtu, jina alilopewa na babu yake ukingoni mwa ziwa kabla hajajua hata kulia vizuri, ambalo baadaye alibatizwa nalo, ambalo marehemu mumewe alilitaja siku ya harusi.

Akalitaja. Alilitaja lote, na la baba yake, na la babu yake.

"Hilo ni lako," akasema. "Nakupa, sitakudai. Umechuma, umepimwa. Nyumbani kwako ni ziwani." Kisha akaliita tena jina lile, kwa sauti ya karani, kubwa, inayofika mbali. "Nenda nyumbani."

Mizani ikaruka juu. Kikapu hakikuwepo. Ukungu mlangoni ukalegea, ukawa ukungu wa kawaida, na kutoka ndani yake, tayari kwa mbali, sauti ambayo haikuwa tena ya Molly ikasema, kwa adabu, kama wachumaji wote wanavyosema:

"Asante, karani."

Molly alifika akaanguka mlangoni. Nywele zake zilikuwa kavu. Alimwangalia mama yake, akaangalia yale maji sakafuni.

"Mum, mbona unalia? Mimi nasikia njaa."

*

Molly yupo. Amerudi kuwa mzito wa mikono, na mnyapara alimpunguza kama alivyosema. Sasa anashona sare za shule huko Chepilat, na ameolewa. Bwana asifiwe.

Ila Jumapili moja, mwezi haujaisha tangu siku ile, mchungaji mgeni alikuwa akiwaita wanaokuja kushiriki meza ya Bwana, mmoja mmoja. Alipofika kwa Mama Molly akalisoma jina lake lile. Mama Molly alifungua kinywa aitike, na kabla hajaitika, kutoka mlangoni mwa kanisa, mchana kweupe, mtu akasema, "Nipo." Watu wote waligeuka. Hapakuwa na mtu. Kizingiti kilikuwa kimelowa.

Tangu siku hiyo hakuna anayelitaja. Hata mimi ninayeandika nalijua, na unaona sikuliandika. Mama Molly mwenyewe haogopi maisha haya. Anasema Molly anatosha. Anachoogopa ni ile siku ya mwisho, majina yatakapoitwa mbele ya kiti cha enzi, kwamba kuna mwenzake aliyezoea kusubiri kuitwa, na huyo ni mwepesi wa kuitika kuliko yeye.

Kwa hiyo nakuomba jambo moja. Leo ukipiga magoti mwombee. Na ukimwombea, sema Mama Molly tu. Mungu atajua ni nani.